Tunalima, Hatutumii

Kidonda cha mama kilikuwa na ratiba yake, na sisi wengine wote nyumbani tuliishi ndani ya ratiba hiyo. Alfajiri kabla sijaenda shule nilichemsha maji ya chumvi, nikayaacha yapoe, nikakata kitambaa cha gozi, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. Jioni nikirudi, hivyo hivyo. Katikati ya hapo nilifundisha hesabu darasa la nne hapa Masumbwe, na wanafunzi wangu walishajua kwamba siku mwalimu akiingia ananuka dawa, ni heri wakae kimya.

Kilikuwa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa nje. Upana wake ulikuwa kama kiganja cha mtoto. Kilianzia kwetu Ushetu, ndani ya bani la kukaushia tumbaku, wakati baba yu hai bado. Kijiti kimoja kati ya vile vya kuning'inizia majani kilichomoka juu, kikamkwaruza mama mguuni, naye akapangusa damu kwa upindo wa kanga akaendelea na kazi, maana moto wa bani haungojei mtu. Mkwaruzo ule haukupona. Ukawa kidonda kidogo, kidonda kidogo kikawa kikubwa, na baba alipofariki mama akaachwa na shamba, bani na kidonda. Shamba na bani tuliwaachia baba wadogo. Mama na kidonda chake nikawachukua mimi.

Watu hupenda kusikia kwamba kumuuguza mzazi ni baraka. Sikatai, ni baraka, ila mgongo unauma vilevile. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na harufu, nilichoka na kufua vitambaa, nilichoka na majirani waliokuja kumpa pole mama huku wakiniangalia mimi kuona nimekonda kiasi gani. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi mama, kabla hata sijafungua bandeji, aliniuliza kwa Kisukuma, "Mhola, mayu?" akiniita mama, kama mabinti wanavyoitwa kwetu. Nami nikamjibu, "Mhola duhu," yaani salama tu, na nikaongeza utani wowote uliokuwa karibu. Nilidhani ninajua kuficha.

Tulishapita zahanati na hospitali nyingi. Sukari hakuwa nayo, presha alikuwa nayo, na vidonge vya presha alivimeza kwa uaminifu kuliko mimi ninavyokwenda kanisani. Mwishowe tukafika kwa daktari wa upasuaji, hospitali kubwa ya Shinyanga. Aliugeuzageuza ule mguu, akasema mambo mawili yanawezekana. La kwanza ni kuchukua ngozi ya pajani na kuibandika pale. La pili ni kukata mguu chini ya goti. Akasema ngozi ya kubandika ni kama mche wa tumbaku, ukiuhamishia kwenye ardhi kavu unanyauka, na yeye hajui kama pale kwenye kidonda kuna maji au hakuna. Nadhani mfano ule aliutoa kwa makusudi baada ya kusikia tunatoka Ushetu, na mama aliuelewa mara moja kuliko mimi. Akatuandikia twende chumba kingine hapohapo hospitalini, kwa daktari mwenye mashine ya kupima damu inayopita kwenye mishipa midogo ya ngozi. Mashine ikisema damu inafika, watabandika. Ikisema haifiki, watakata.

Tuliambiwa turudi siku nyingine, asubuhi, mama akiwa hajanywa chai wala kahawa. Kwa hiyo tukaja, tukalala kwa binamu mmoja mjini, na asubuhi mama akaondoka pale bila kugusa kikombe, jambo lililomuudhi binamu hadi akakataa kutusindikiza.

Daktari wa mashine alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kumuuliza chochote, na hapo mama akampenda. Kisha akasema, "Bibi, leo tunataka kupima damu ya mguu huu."

Mama akajiweka sawa kitini. "Nimeshapima, mwanangu. Nilipima kwetu, nikapima na Masumbwe. Sinao."

Daktari alinitazama mimi. Kwetu ukimwambia mtu unampima damu, umemwambia unatafuta Ukimwi, hakuna maana nyingine, na mama alikuwa anajitetea mbele ya binti wa watu. "Na mzee wangu alikufa na moyo tu," akaongeza. "Waulize hata jirani."

Daktari hakucheka. Alimwelezea polepole kwamba hakuna sindano, hakuna tone litakalotoka, na wala hatafuti ugonjwa wowote ndani ya damu. Anataka kuona tu kama damu inatembea, na inatembea kiasi gani, kwenye ile mishipa myembamba kuliko uzi ambayo ndiyo inayolisha ngozi. Ile mikubwa daktari wa upasuaji alishaisikiliza, ni mizima. Tatizo la kidonda kisichopona, alisema, mara nyingi limejificha kwenye hii midogo.

"Bila sindano?" mama akauliza.

"Bila sindano."

"Basi hiyo si kupima. Hiyo ni kuchungulia."

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Kisanduku cha kijivu, kompyuta pembeni, na nyaya zenye vitu vidogo mwishoni kama vifungo vya shati, kila kimoja na taa nyekundu ndani. Kifungo kimoja kinabandikwa kwenye ngozi karibu na mdomo wa kidonda. Taa inaingia ndani ya ngozi kidogo, inakutana na damu inayotembea, inarudi na habari. Habari hiyo inakuwa mstari kwenye kompyuta. Baadaye kifungo kinaanza kupasha ngozi joto, si la kuunguza, na hapo ndipo penye shughuli. Mishipa iliyo hai ikipata joto inafunguka, na mstari unapanda. Daktari alisema mishipa inaamka. Isiyoamka, mstari unabaki chini unatambaa.

Feni ilizimwa, chumba kikapata joto la mchana wa Oktoba. Mama alikatazwa kuongea, kujikuna, hata kukohoa, maana ukitikisika mstari unaruka na kila kitu kinaanza upya. Kabla ya kuanza daktari alitaka kuhakikisha mashine iko sawa, akaniomba mguu wangu. Nikavua kiatu. Akanibandika kifungo, na mstari wangu ukaanza kuchezacheza pale kwenye kioo, na ulipopata joto ukapanda vizuri kama mtu anayepanda ngazi hana mzigo. Nilishangaa kidogo. Kwa jinsi nilivyokuwa nikijisikia siku hizo, nilitegemea kitu kilichopooza.

Mama alikuwa ameinua kichwa kitandani anaangalia. "Hiyo ni yangu," akasema.

"Nini, bibi?"

"Hiyo damu. Ni yangu hiyo, nilimpa yeye. Ndiyo maana huku haipo."

Daktari safari hii alicheka, nami nikacheka, na mama akaridhika akalaza kichwa.

Ilipofika zamu yake, daktari alipitia maswali yake ya kawaida. Umekunywa chai? Hapana. Umekunywa dawa ya presha? Ndiyo. Una baridi? Na joto hili? Hapana. Kisha akauliza, "Bibi, unatumia tumbaku?"

"Tunalima, hatutumii," mama akajibu.

Nataka nieleweshe hapa, kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza kwa nini sikusema kitu. Sikusema kwa sababu sikusikia kosa lolote. Lile ndilo jibu la kwetu. Tumbaku kwetu ni kitu kinachokaa kitaluni kama mboga, kinachohamishiwa shambani, kinachovunwa, kinachopangwa madaraja usiku kucha na kufungwa marobota ya kupeleka chama cha msingi. Ni ada, ni mabati, ni ugomvi wa mizani. Mtu akisema fulani anatumia tumbaku, tunamwona kijana wa mjini na sigara mdomoni. Wazee wetu walijisifu kwa hilo, kwamba tunawalisha wengine moshi na sisi wenyewe mapafu yetu meupe. Mama alisema ukweli kama alivyoujua, na mimi mwenye cheti cha ualimu niliusikia kama ukweli.

Akalala. Nilisikia jasho linanitembea mgongoni. Mstari wa mama ulikuwa chini kabisa ya kioo, mwembamba, na kifungo kilipoanza kupasha joto nikaukazia macho nikiuvuta juu kwa nia yangu yote. Haukupanda. Ulitikisika kidogo, ukarudi palepale. Daktari akahamisha kifungo upande wa pili wa kidonda, tukangoja tena, na ikawa vilevile.

Alizima mashine. Alimsaidia mama kukaa, akanigeukia mimi, akasema kwa upole kwamba mishipa haikuamka, na kwamba atamwandikia daktari wa upasuaji hivyo. Hakusema neno kukata. Sote watatu tulikuwa tunalijua.

Mama alishusha miguu kitandani. Alikuwa amelazimika kutulia kwa muda mrefu bila kuongea wala kujikuna, habari aliyopewa ilikuwa nzito, na alifanya alichofanya siku zote mambo yakimzidi. Alifungua fundo kwenye upindo wa kanga, akatoa kikaratasi, akachota kidogo kwa vidole viwili, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto, akafumba macho, akapiga chafya mbili za nguvu.

"Pole, bibi," daktari akasema. Kisha akasimama. "Hiyo ni nini?"

"Ugoro."

"Ugoro unatengenezwa na nini?"

Mama alimwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto wa mjini anayeuliza maziwa yanatoka wapi. Akafungua mdomo amjibu. Halafu akaufunga, akanigeukia mimi.

"Na tumbaku," nikasema mimi.

Ndivyo ilivyokuwa. Maisha yangu yote niliona baba akibakiza majani machache ya daraja la chini, akayakausha zaidi juu ya bati, akayatwanga na magadi, akachekecha kwa kitambaa. Alimtengenezea mama peke yake. Yeye hakunusa. Jioni alimletea kwenye kikopo, mama akapokea bila kusema ahsante, na huo ndio ulikuwa upendo wao kwa jinsi nilivyouona. Ugoro haukuwahi kuitwa tumbaku nyumbani kwetu. Tumbaku iliuzwa. Ugoro ulikuwa wa mama.

Daktari alirudi kukaa kwenye kiti alichokuwa amekiacha. Hakumgombeza mama, na mimi nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mashine yake. Alieleza kwamba ndani ya tumbaku kuna kitu kinachoibana mishipa midogo, na pua haitofautiani na sigara, kitu kile kile kinaingia kwenye damu na kushuka mpaka mguuni. Hasemi ugoro ndio ulioleta kidonda. Presha imo, umri umo, na pengine kuna mengine asiyoyaona. Lakini alichopima leo ni mguu uliofungwa kamba, na hawezi kumwambia mtu akate mguu uliofungwa kamba kabla ya kuifungua. "Uache kabisa, bibi," akasema. "Ukae wiki kadhaa bila. Nitamwomba daktari asubiri. Mkirudi tutapima tena, na hiyo ndiyo tutakayoifuata."

"Nikiacha, mguu utapona?"

"Sijui, bibi. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Mama alikikunja kile kikaratasi, akakifunga tena kwenye upindo. Tulipofika nje ya geti akakifungua, akakimwaga chote kwenye mtaro, akakaa anautazama mtaro. Mimi nilienda kutafuta usafiri.

Wiki zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka, ila ndizo zenyewe. Mama bila ugoro hakuwa mtu niliyemjua. Kichwa kilimuuma, usingizi ukamkimbia, ugali wangu ukawa hauna ladha, mchicha wangu una mchanga. Aligombana na kuku. Aligombana na redio. Vidole vyake viwili vilipanda puani vyenyewe, vikafika, vikakuta hakuna kitu, vikashuka. Aliacha kuniita mayu, akaniita askari. "Askari, leta maji. Askari, bandeji inabana." Nilicheka mara za kwanza. Baadaye nilifika shuleni nikakaa ofisini nikiangalia ukuta, mpaka mwalimu mwenzangu akanikumbusha kwamba kengele imelia.

Siku moja jioni, nimepiga magoti na koleo la kushikia pamba mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wakate tu. Huu mguu hauna faida yoyote kwangu. Ugoro unayo."

Na nitaandika kilichopita moyoni mwangu, kwa kuwa kilipita kweli. Nilijenga picha ya nyumba isiyo na maji ya chumvi. Nikaona asubuhi ambayo ninaamka, nakunywa chai nimekaa, naenda kazini nanuka sabuni tu. Niliona hayo yote waziwazi, na yalikuwa matamu, na huku nimeushika mguu wenyewe mkononi. Nikafunga bandeji nikaenda kuosha beseni.

Kaka yangu alikuja mwishoni mwa mwezi. Ni mkubwa wangu, yuko Rwamgasa miaka mingi, kwenye mashimo ya dhahabu ambayo wenyewe huyaita maduara, na huja akipata na asipopata pia huja. Safari hii hakuwa amepata. Duara lao lilikuwa limejaa maji. Alikuja na nyama, sukari, na vumbi jeupe la karasha, mashine ya kusaga mawe, ambalo haliwatoki masikioni hata wakioga. Alikaa na mama mchana kutwa wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu turudi kutoka Shinyanga nilimsikia mama akicheka.

Jioni akanifuata jikoni. "Mwalimu, bi mkubwa mmemfunga jela?"

Nikamweleza yote, mashine, mstari, ngozi ya kubandika, kukatwa. Alisikiliza vizuri. Kaka yangu si mjinga.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini angalia. Mimi nikitoka chini duarani, kitu cha kwanza ni sigara. Kabla ya maji. Ukininyima hiyo, hata dhahabu yako siitaki. Sasa yule mama kabakiza nini? Mzee hayupo, shamba hana tena, mguu unaoza. Starehe yake moja, na hiyo mnaiondoa kwa sababu ya kompyuta."

"Unakuja mara ngapi kusafisha hicho kidonda?" nikamuuliza.

Alisonga ugali mwenyewe usiku ule, jambo ambalo kwa mwanaume wa kwetu ni kuomba radhi kwa maandishi. Asubuhi akaondoka.

Nilipopiga magoti kumsafisha mama siku iliyofuata, niliona upindo wa kanga yake una fundo. Fundo lilikuwa mahali pake pale pale pa zamani, na ndani yake kitu kidogo chenye pembe. Sikuhitaji kuambiwa ni nini na kimetoka kwa nani. Mama aliniona nikiliona. Hakulificha.

Na mimi sikuuliza. Ningeuliza, angenijibu, na jibu lingekuwa na kazi yake juu yangu, kugomba, kunyang'anya, kumpigia kaka simu, kulia. Sikuwa na nguvu za kazi nyingine. Nilisafisha kidonda nikafunga. "Mhola, mayu?" aliniuliza siku hiyo, baada ya muda mrefu wa kuitwa askari. "Mhola duhu," nikasema. Fundo lile likakaa pale siku zote zilizobaki. Nilimfulia kanga nyingine, na kila alipobadilisha, fundo lilihamia kwenye kanga mpya. Nilishahitimisha mimi mwenyewe. Nilishajua mstari utakavyotambaa. Nilienda hata kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ndefu, ya kumuuguza mtu aliyekatwa mguu.

Shinyanga ilikuwa na joto kama tulivyoiacha. Daktari alimwamkia mama, akazima feni, akaanza maswali yake. Chai? Hapana. Dawa ya presha? Ndiyo. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimewapa mgongo nusu.

"Na tumbaku, bibi?"

Nikageuka. Mama alikuwa anahangaika na fundo la kanga kwa kucha, lilikuwa limekazwa sana. Lilipofunguka alitoa kikaratasi, na hakumpa daktari, alininyooshea mimi.

"Mrudishie kaka yako," akasema. "Mwambie sikutaka kumvunja moyo."

Wauza ugoro wana mkunjo wao. Karatasi inakunjwa pembe tatu, ncha ya mwisho inasokomezwa ndani, na ukishaifungua hata mara moja huwezi kuirudisha ilivyokuwa, inabaki imelegea. Nimeviona vikaratasi hivyo maisha yangu yote. Kile kilikuwa kimebana, ncha yake imesokomezwa kama kilivyotoka kwa muuzaji, na pembe zake zimechakaa kwa nje kwa kukaa ndani ya fundo. Hakikuwahi kufunguliwa.

Nilikishika. Daktari akambandika mama kifungo.

Mstari ulianza chini, kama mara ya kwanza. Joto likaanza. Kwa muda hapakuwa na kitu, nami nikaanza kujiambia kwamba hivyo ndivyo, ameteseka bure. Kisha mstari ukainuka. Haukupanda kama wangu. Ulipanda kama yeye anavyopanda ngazi za hospitali, kidogo, anapumzika, kidogo tena. Ulipofika mahali ukasimama, na haukurudi chini. Daktari akahamishia kifungo upande wa pili, na huko ukapanda kuliko kule.

"Imeamka," daktari akasema. Akaniangalia mimi kwanza. "Si yote, lakini imeamka. Hatukati. Nitamwambia daktari wa upasuaji wajaribu ngozi."

Alimwelezea mama, naye akasikiliza akitikisa kichwa. Akamsaidia kukaa. Mama alishusha miguu, akaikunjua kanga upindo ukiwa mtupu, akaulainisha kwa kiganja.

"Sasa naruhusiwa?" akauliza.

Daktari alielewa anaulizia nini. "Hapana, bibi. Ngozi mpya itataka damu kuliko hata sasa. Na mguu wa kulia nao una mishipa yake ya kulinda. Kama unaupenda huo mguu, ugoro basi tena."

Mama aliutazama ule mguu wake wa kushoto kwa muda, na kidonda chake kinachong'aa, na alama ya duara ambayo kifungo kilikuwa kimeiacha. Hakuwa na haraka.

"Mguu wenyewe siupendi," akasema. "Umenisumbua mno." Kisha akanionyesha kwa kidevu, akiongea na daktari kana kwamba mimi simo chumbani. "Lakini huyu amechoka. Ukikatwa, atanibeba kwa nguvu zipi?"

Daktari aliinama kwenye nyaya zake akaanza kuzikunja. Mimi nilikuwa nimeshika kandambili za mama mkono mmoja na kikaratasi mkono wa pili. Nikapiga magoti nimvalishe, kama nilivyozoea kila siku alfajiri na jioni, na nikakaa pale chini, nimeinamisha kichwa, muda mrefu kuliko kandambili mbili zinavyohitaji.